LI MOJA NI KILOMITA NGAPI? Historia ya vipimo vya urefu vya Uchina na wajibu wa mfasiri

1. Utangulizi

Katika somo la tafsiri niliwapa wanafunzi wangu matini fupi ya Kifaransa iliyohusu Matembezi Marefu ya Jeshi Jekundu la Uchina, yaliyofanyika kati ya Oktoba 1934 na Oktoba 1935. Matini ilisema kwamba askari walitembea li 25,000. Mwanafunzi wa kwanza aliandika "kilomita 25,000". Wa pili aliandika "maili 25,000". Wa tatu, aliyekuwa na kamusi nzuri, aliandika "kilomita 12,500". Wa nne aliliacha neno kama lilivyo, "li 25,000", akaongeza chini ya ukurasa kwamba li ni kipimo cha Kichina cha njia. Nilimpa wa tatu alama zote. Wa nne nilimkata alama mbili, kwani nilidhani alikuwa ameikwepa kazi.

Baada ya masahihisho, huyo wa nne alinijia na kuniuliza: "Mwalimu, li moja ni kilomita ngapi?" Nikamjibu bila kusita: "Nusu kilomita." Akauliza tena: "Tangu lini?" Sikuwa na jibu.

Makala hii ni jaribio la kulijibu swali hilo. Tutaonyesha kwamba majina ya vipimo vya Kichina yamedumu kwa zaidi ya miaka elfu mbili, lakini urefu unaotajwa kwa majina hayo umebadilika mara nyingi. Kwa hiyo, kabla ya kukigeuza kipimo cha kale kuwa mita, hatuna budi kuuliza kwanza kilitumika wakati gani, mahali gani na kwa kazi gani. Hesabu huja baadaye.

2. Majina yaliyodumu

Kipimo cha msingi cha urefu katika Uchina ya kale kiliitwa chi. Chi iligawanywa katika cun 10, na cun katika fen 10. Chi 10 zilifanya zhang moja. Tazama basi kwamba Wachina walihesabu urefu kwa makumi karne nyingi kabla ya Wafaransa kubuni mita mwishoni mwa karne ya 18. Vipimo vya njia vilifuata desturi nyingine: bu, yaani hatua mbili za mtu atembeaye, ilikuwa na chi 6 zamani za nasaba ya Han, na bu 300 zilifanya li moja. Li hiyo ilikuwa basi na chi 1,800.

Mwaka 221 K.K., mtawala wa Qin alipokwisha kuziteka falme jirani na kujitangaza Kaizari wa Kwanza, aliamuru vipimo viwe vya aina moja katika nchi nzima. Amri hiyo haikuanzia patupu. Zaidi ya karne moja kabla yake, waziri Shang Yang alikuwa amekwisha kusawazisha vipimo katika ufalme wa Qin. Chombo kimoja cha shaba iliyochanganywa na bati, kilichotengenezwa mwaka 344 K.K. kwa kazi hiyo, kimehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho la Shanghai. Ni chombo cha kupimia nafaka, na maandishi yake yanaeleza kwamba ujazo wake ni cun za ujazo 16 na sehemu moja ya tano. Chini yake iliongezwa baadaye amri ya Kaizari ya mwaka 221 K.K., ishara ya kwamba kipimo kilekile kilithibitishwa kwa matumizi ya nchi nzima.

Chombo hicho kina faida kubwa kwa mwanahistoria. Watafiti wameupima ujazo wake, wakapata kama sentimita za ujazo 202. Ukigawanya 202 kwa 16.2 unapata kama 12.5, na kipeo cha tatu cha namba hiyo ni kama 2.3. Hivyo cun moja ya Shang Yang ilikuwa kama sentimita 2.3, na chi yake kama sentimita 23. Chombo kingine cha kupimia, kilichotengenezwa mwaka 9 B.K. kwa amri ya Wang Mang na ambacho sasa kiko Taipei, kinaleta jibu lilelile: chi ya sentimita 23.1 hivi. Kwa muda wa miaka 350, chini ya watawala tofauti, kipimo hakikubadilika kwa kiasi cha kuonekana.

Lakini tukienda mbele hadi nasaba ya Tang (618–907), mambo yamegeuka. Katika hazina ya Shōsōin mjini Nara, Japani, zimehifadhiwa tangu karne ya 8 rula za pembe za ndovu zilizotengenezwa kwa kipimo cha Tang. Urefu wake ni karibu sentimita 30. Jina ni chi, migawanyo ni ileile ya cun 10, lakini kitu chenyewe kimerefuka kwa zaidi ya robo.

3. Kwa nini chi ilirefuka?

Mwanachuoni Wang Guowei (1877–1927), aliyezilinganisha rula nyingi za kale, alitoa maelezo ambayo yafaa kufikiriwa na kila msomaji aliyewahi kulipa kodi. Katika karne zilizofuata kuanguka kwa Han, sehemu kubwa ya kodi ililipwa kwa vitambaa. Afisa aliyepokea kitambaa ndiye aliyeshika rula. Rula ikirefuka kidogo, hazina ya mtawala inapata zaidi, na hakuna sheria yoyote iliyobadilishwa kwa maneno.

Tuchukue mfano. Jora moja la hariri lilihesabiwa kuwa na urefu wa zhang 4, yaani chi 40, zamani za Han na zamani za Tang vilevile. Kwa chi ya Han ya sentimita 23.1, jora hilo lilikuwa na mita 9.24. Kwa chi ya Tang, hata tukiichukua kuwa sentimita 29.5 tu, jora lilikuwa na mita 11.80. Mfumaji aliyeambiwa alete zhang 4, kama mababu zake walivyoambiwa, alitakiwa kufuma mita mbili na nusu zaidi. Neno halikuongezeka, kazi ya mikono yake ndiyo iliyoongezeka.

Kwa mwanaisimu, hapa pana fundisho. Sisi tumezoea kusema kwamba maana ya neno hubadilika polepole kwa matumizi ya wasemaji wote. Maana ya neno chi ilibadilika pia kwa mkono wa yule aliyekuwa na uwezo wa kuamua rula ipi itumike. Mfasiri anayeandika "sentimita 33" kila aonapo neno chi anaifuta historia hiyo yote. Msomaji wake hataweza kuona kwamba mkulima wa Han na mkulima wa Tang hawakutozwa kodi sawa.

4. Chi nyingi katika enzi moja, na sheria ya 1930

Mtu aweza kudhani kwamba ingetosha kuwa na orodha ya nasaba na urefu wa chi ya kila moja. Hata hilo halitoshi. Zamani za nasaba ya Qing (1644–1911) zilitumika rasmi chi za aina tatu kwa wakati mmoja: chi ya wajenzi, sentimita 32 hivi, chi ya wapima mashamba, sentimita 34.5 hivi, na chi ya washonaji, sentimita 35.5 hivi. Masokoni, kila mji na kila chama cha mafundi kilikuwa na desturi zake. Kwa mabomba ya njia nako, wasafiri wa karne ya 19 walishuhudia kwamba li ya mlimani ilikuwa fupi kuliko li ya bondeni, kwani wenyeji waliihesabu njia kwa uchovu wa miguu.

Wageni waliofika kwa biashara na kwa mizinga walitaka namba moja. Katika kanuni za ushuru zilizoandamana na Mkataba wa Tianjin wa mwaka 1858, Waingereza na Wachina walikubaliana kwamba chi moja ya forodha ingehesabiwa kuwa inchi 14.1 za Kiingereza, yaani sentimita 35.8. Huko Hong Kong chi iliwekwa kuwa inchi 14 na tano ya nane, yaani sentimita 37.15. Taiwan, iliyokuwa chini ya Japani tangu 1895, ilipata kipimo cha Kijapani ambacho jina lake huandikwa kwa herufi ileile ya chi, nacho ni mita 10 zikigawanywa kwa 33, yaani sentimita 30.3. Herufi moja, bandari tatu, urefu mbalimbali.

Serikali ya Qing, ikikaribia mwisho wake, ilitaka kuurudisha umoja. Mwaka 1908 iliichagua chi ya wajenzi ya sentimita 32 kuwa kipimo cha taifa, ikaagiza mfano wake wa madini ya platini na iridi kutoka Ofisi ya Kimataifa ya Vipimo na Mizani iliyoko Sèvres, karibu na Paris. Nasaba ilianguka kabla kazi haijaenea.

Ufumbuzi ulipatikana chini ya serikali ya Nanjing. Mpango ulitangazwa mwaka 1928, sheria ikatungwa mwaka 1929 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1930. Mita ilikubaliwa kuwa kipimo rasmi, na kando yake ukawekwa mfumo wa soko uliofungamanishwa na mita kwa namba rahisi tatu: lita moja iwe sheng moja, kilo moja iwe jin mbili, mita moja iwe chi tatu. Watu waliuita mfumo wa moja-mbili-tatu. Tangu hapo chi ya soko ni sentimita 33.33, cun ni sentimita 3.33, zhang ni mita 3.33. Li nayo ilipewa chi 1,500 badala ya 1,800, ili iwe mita 500 kamili.

Hili ndilo jibu la swali la mwanafunzi wangu. Li ni nusu kilomita tangu mwaka 1930. Kabla ya hapo tunapata, kwa mfano:

Li ya Han: chi 1,800 za sentimita 23.1, yaani mita 416 hivi.
Li ya Qing: chi 1,800 za sentimita 32, yaani mita 576.
Li ya soko tangu 1930: chi 1,500 za sentimita 33.33, yaani mita 500.

Kwa wapenzi wa lugha, jambo la kupendeza ni jinsi istilahi zilivyoundwa. Badala ya kukopa majina ya Kifaransa, wabunifu walichukua majina ya kale na kuyawekea neno la mbele: gong, lenye maana ya "-a wote", kwa vipimo vya metriki, na shi, yaani "soko", kwa vipimo vya kienyeji. Hivyo mita iliitwa gongchi, na kilomita gongli, jina litumikalo hadi leo. Mfasiri asiyeangalia akiona li ndani ya gongli atakosea maradufu. Jamhuri ya Watu wa China iliufanya mfumo wa metriki kuwa msingi kwa amri ya mwaka 1959, na vipimo halali vya nchi vikawekwa kwa amri ya 1984 na sheria ya upimaji ya 1985.

5. Mifano mitatu

(a) Matembezi Marefu. Li 25,000, kwa sheria ya 1930, ni kilomita 12,500. Hesabu ni sahihi. Lakini askari wale walipita vijijini na milimani ambako sheria ilikuwa na umri wa miaka minne tu, na njia iliulizwa kwa wenyeji. Waingereza wawili walioifuata njia ya jeshi la Mao kwa miguu na kumaliza mwaka 2003 walikadiria kwamba ni kama kilomita 6,000. Makadirio yao yalipingwa na wengi nchini Uchina, nasi hatuna haja ya kuingia katika ugomvi huo. Tunachosema ni kwamba "li 25,000" ni namba ya wahusika wenyewe, iliyobeba ushuhuda na fahari yao. "Kilomita 12,500" yajifanya kuwa matokeo ya kupima, na hakuna aliyepima.

Tuongeze kwamba namba nyingine si za kuhesabu kamwe. Wachina huuita ukuta wao mkuu "ukuta mrefu wa li elfu kumi". Elfu kumi hapo ni wingi usio na mwisho, kama Mswahili asemapo "nimekwambia mara mia". Anayeandika "ukuta wa kilomita 5,000" ameharibu usemi bila kupata ukweli: upimaji uliotangazwa na serikali ya Uchina mwaka 2012 ulipata jumla ya kilomita 21,196 kwa kuta za nasaba zote.

(b) Merikebu za Zheng He. Mfano huu unawagusa wasemaji wa Kiswahili. Mwanzoni mwa karne ya 15, amiri Zheng He aliongoza misafara ya baharini iliyofika hadi Mogadishu, Barawa na Malindi, na mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya Kaizari Yongle. Historia rasmi ya nasaba ya Ming, iliyokamilishwa mwaka 1739, yasema kwamba merikebu kubwa zilikuwa na urefu wa zhang 44 na chi 4, na upana wa zhang 18. Mtu akitumia chi ya soko ya leo atapata mita 148 kwa 60. Akitumia chi ya wajenzi wa Ming, kama sentimita 31.1, atapata mita 138 kwa 56. Kosa la kuchagua rula limeongeza mita kumi kwa merikebu ambayo haikuwahi kuziona.

Hata hivyo, rula sahihi haimalizi swali. Namba hizohizo zimo katika riwaya ya Luo Maodeng ya mwaka 1597, iliyoandikwa zaidi ya karne moja na nusu baada ya safari. Merikebu ya mbao iitwayo Wyoming, iliyoundwa Marekani mwaka 1909, ilikuwa na mwili wa mita 100 hivi. Mbao zake zilijipinda kwa mawimbi na kuingiza maji, hata pampu zikahitajika, na mwaka 1924 ilizama. Ndiyo sababu wataalamu wengi wa merikebu wanashuku mita 138. Kwa upande mwingine, mhimili wa usukani wenye mita 11 uliofukuliwa Nanjing mwaka 1957 waonyesha kwamba vyombo vile havikuwa vidogo. Mfasiri anayewaandikia wasomaji wetu "mita 138" bila kusema neno amewauzia shaka kwa bei ya hakika.

(c) Cun ya mwili. Katika tiba ya sindano ya Kichina, mahali pa kuchoma huonyeshwa kwa cun. Mahali pamoja panapotumika sana pako cun 3 chini ya goti. Atumiaye sheria ya 1930 atapata sentimita 10. Lakini cun ya waganga hupimwa kwa mwili wa mgonjwa mwenyewe: upana wa kidole gumba chake ni cun moja, na upana wa vidole vyake vinne vikiunganishwa ni cun 3. Kwa mtoto mdogo, sentimita 10 zitafika mbali sana na mahali palipokusudiwa. Hapa kugeuza kuwa metriki ni kosa liwezalo kumdhuru mtu.

6. Njia kwa mfasiri wa Kiswahili

Kiswahili nacho kina vipimo vya mwili: shubiri, dhiraa au mkono, na pima. Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliyotoka pwani na kufika hadi Maniema ilipima vitambaa kwa mikono, na doti moja ilihesabiwa mikono minane. Mkono ulikuwa mkono wa nani? Kila mfanyabiashara na kila mnunuzi alilijua swali hilo. Tusione basi kwamba tatizo la chi ni ajabu ya Wachina peke yao. Lakini tusikimbilie pia kuandika "dhiraa" au "futi" mahali pa chi, kwa kuwa maneno hayo yana urefu wao na historia yao, na kulivisha neno moja nguo za jingine ni kumpoteza msomaji mara ya pili.

Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, jina la asili libaki ndani ya matini: chi, cun, zhang, li. Pili, kadirio la metriki litolewe katika maelezo, likiwa na wakati wake, kwa mfano "chi ya Han, kama sentimita 23". Tatu, neno "kama" au "hivi" lisiondolewe pale ambapo hatuna kipimo kamili, zhang 4 za mfumaji haziwi "mita 9.24" ndani ya simulizi, hata kama kikokotozi kimesema hivyo. Nne, namba za sifa na za methali zisigeuzwe. Matini za biashara au za ufundi zilizoandikwa baada ya 1930 ndizo ziwezazo kugeuzwa moja kwa moja, mradi zisiwe za Hong Kong wala za Taiwan.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba chi ya Kaizari wa Kwanza, chi ya mtoza kodi wa Tang, chi ya mshonaji wa Qing na chi ya soko ya 1930 ni vitu vinne vyenye jina moja. Mita inatusaidia kuvilinganisha, na ni msaada mkubwa. Lakini mita huja kama shahidi aliyeitwa mwishoni, baada ya tarehe, mahali na kazi kujulikana.

Kuhusu wale wanafunzi wanne: wa kwanza na wa pili walikosea, hilo halina ubishi. Wa tatu alihesabu vizuri, akaeleza kisichopimwa kana kwamba kimepimwa. Wa nne ndiye aliyetafsiri. Matokeo yalikuwa yamekwisha kutangazwa nilipolitambua hilo, na alama zake mbili sikuweza kuzirudisha. Swali lake "tangu lini?" ninaliandika sasa ubaoni kila mwanzo wa mwaka, kabla sijagawa matini ya kwanza.